Bi Tomma Eilers, Aliyekisifia Kisiwa

Alhamisi hii, tarehe 30 Oktoba, Bi Tomma Eilers anastaafu baada ya kuitumikia Ofisi ya Wageni ya kisiwa chetu cha Hilleroog kwa miaka thelathini na saba. Hafla ya kumuaga itaanza saa nne asubuhi katika ukumbi wa ofisi, na itakwisha bahari itakapotaka, kwa kuwa feri ya bara haimngojei mtu na siku hiyo maji yanaanza kupwa mapema. Wenye hotuba ndefu wameshaonywa. Bi Tomma mwenyewe aliomba hotuba zisiwepo kabisa, na kamati ililisikia ombi hilo kwa heshima zote, kisha ikalipuuza.

Anayeandika haya ni mimi, Enno Redelfs, niliyefanya kazi chini yake kwa miaka minane na ninayechukua nafasi yake. Afadhali niseme mapema jambo ambalo kila mtu kijijini anajua na hakuna anayelitaja mezani. Pamoja na kiti chake, napewa na fleti yake, ile ya juu ya ofisi. Ni fleti ya kazi. Kazi ikiisha, nayo imeisha, na kisiwani hapa hakuna chumba kingine cha kupanga mwaka mzima. Kwa hiyo Bi Tomma, aliyezaliwa Hilleroog na wazazi waliozaliwa Hilleroog, hastaafu tu. Anahama. Jioni ya Alhamisi atakuwa mkazi wa mji wa Norden, huko bara, ghorofa ya pili, nyuma ya duka la mikate.

Lakini wasifu ni wasifu, na yeye angenikaripia kwa kuanza na huzuni. Turudi nyuma.

Alianzia dirisha la kupokelea mizigo ya wageni akiwa na miaka ishirini na tisa. Kabla ya hapo alikwishakaanga samaki hotelini, akauza aiskrimu, akapanga viti vya kikapu ufukweni kila asubuhi na kuvigeuza kila upepo ulipogeuka. Siku moja ya kiangazi kiongozi wa matembezi alipoteza sauti. Watu arobaini walikuwa wamesimama mlangoni na makoti yao ya mvua ya njano, na mkurugenzi wa wakati huo, kwa kukosa la kufanya, akamtoa Tomma dirishani na kumwambia awazungushe tu, aseme lolote. Akasema lolote kwa saa tatu. Hakurudi tena kwenye mizigo.

Kazi yake ilikuwa na kanuni moja ambayo wakurugenzi watano walijaribu kuibadilisha na wote wakashindwa. Popote alipowafikisha wageni, kabla hajafungua kinywa, aliwakalisha. Kwenye benchi, kwenye ngazi, kwenye mchanga, popote. Robo saa bila picha wala maswali. Alisema mgeni akiteremka feri mwili umefika, lakini akili bado inazunguka huko bara kutafuta maegesho ya gari. Wapo walionuna. Wapo waliodai kurudishiwa nauli. Nami katika msimu wangu wa kwanza niliona aibu kusimama pembeni yao, nikijifanya natazama ndege. Lakini niliona pia jinsi mabega yao yalivyoshuka, mmoja mmoja, na jinsi walivyomsikiliza baada ya hapo.

Kisha akaanzisha Mzunguko wa Visiwa, safari yetu maarufu kuliko zote, na kwa hilo peke yake ofisi hii itamshukuru siku zote. Kila wiki ya msimu aliwapakia wageni kwenye mashua na kuwapeleka kwa majirani. Norderney aliwatembeza mjini penye majumba meupe na muziki wa mchana, akawaruhusu kununua keki, akawakataza kununua kofia. Juist aliwaamuru wawapishe farasi wa mizigo, kwa sababu farasi wako kazini na wao wako likizo. Langeoog aliwapandisha hadi mnara wa maji wakahema vizuri. Spiekeroog aliwaingiza kanisani, lile dogo la kale, na kuwaacha humo bila maelezo yoyote. Wangerooge ilikuwa mbali na hawakwenda mara nyingi, lakini alipokwenda aliwapeleka hadi ncha ya mashariki, mahali ambapo mchanga unaendelea kuzaliwa, na akasimama muda mrefu kuliko ratiba. Sijui alikuwa akiwaza nini pale. Sikuwahi kuuliza, na sasa najuta.

Hakuwasema vibaya majirani, ingawa wao hawakumwonea haya. Folkert, kiongozi wa wageni wa Norderney na mtani wake wa miaka yote, alimngojea gatini kila wiki na maneno mapya.

"Tomma, nikipiga chafya huku, kisiwa chenu kinatikisika."

"Ndiyo maana hatujawahi kukualika, Folkert."

Folkert ametuma keki kwa ajili ya hafla, na kijikaratasi kinachosema kwamba hajui msimu ujao atamtukana nani. Tunamwelewa.

Kuna mengine ya kuchekesha, na nusu ya kijiji itanidai nisipoyasimulia. Upo mwaka nahodha alikata njia karibu mno na fungu la mchanga, maji yakapwa, mashua ikapwelewa na wageni wote ndani. Kungoja maji yajae tena ni kazi ya nusu siku. Bi Tomma akateremsha ngazi, akawatoa wageni juu ya bahari iliyogeuka matope, akawakalisha kama kawaida yake, kisha akachemsha chai kwenye jiko la nahodha. Kila mmoja akapata bonge lake la sukari na malai juu, bila kukoroga, kama tunavyokunywa sisi. Mzee mmoja kutoka Kassel aliimba. Mwaka uliofuata watu tisa walipiga simu ofisini kuuliza tarehe ya safari ya kupwelewa, na mmoja alikasirika kabisa alipoambiwa kwamba safari hiyo haimo kwenye ratiba.

Na lipo lile la mchungaji. Wageni wanaosoma haya wajue kwamba Hilleroog haina majina ya mitaa. Nyumba zina namba kwa kufuata ipi ilijengwa kwanza, hivyo namba arobaini inaweza kupakana na namba mia mbili, na milango haifungwi. Mgeni mmoja wa Stuttgart, mtu mzima, hakimu, alitoka feri akiwa na njaa, akahesabu nyumba kama wanavyohesabu kwao, akaingia kwa mchungaji wetu akidhani ndiyo nyumba aliyopanga. Akakuta samaki wa moshi na viazi mezani. Akavisifu moyoni, akavila vyote, akalala kwenye kochi. Mchungaji aliporudi kutoka ibadani alimfunika blanketi na kwenda kuomba mkate kwa Bi Tomma. Miaka michache baadaye halmashauri ilitaka kuweka majina ya mitaa na namba za kupangika. Bi Tomma alisimama mkutanoni na kuuliza, kama mgeni hawezi kupotea hata mara moja katika kisiwa cha ukubwa huu, akirudi kwao atasimulia nini. Hoja ikafa palepale.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Matembezi yake ya kijiji yaliishia sikuzote mbele ya nyumba namba thelathini na moja, nyumba ya marehemu mama yake, Gesche. Hapo ndipo alipozungumza vizuri kuliko popote. Alisimulia jinsi mama yake alivyotundika samaki wakauke kwenye ukuta wa kusini, jinsi walivyolala watoto watatu chumba cha juu wakisikia bahari ikigonga upande mmoja na ng'ombe wa jirani upande wa pili, jinsi usiku wa dhoruba kuu baba alivyowahamishia wote darini pamoja na kuku. Watu walilia. Watu waliporudi makwao waliota kuhusu nyumba ile. Halafu wakaanza kupiga simu kuuliza kama ipo yoyote inayouzwa.

Ndivyo ilivyokwenda, nyumba moja baada ya nyingine. Mama Gesche alipofariki, kaka zake Bi Tomma waliokuwa bara walitaka mafungu yao, na hilo halikuwa kosa. Yeye hakuwa na uwezo wa kuwalipa. Walionunua ni Bwana na Bibi Wessling wa Münster, watu aliowatembeza mwenyewe misimu sita, watu wema wasio na neno baya kwa mtu. Waliahidi wakistaafu watakuja kuishi. Bi Tomma aliwaamini, nao nadhani walijiamini. Wakati huo alikwishapewa fleti ya ofisi, akasema paa ni paa, na maisha yakaendelea. Akina Wessling wamestaafu siku nyingi. Wanakuja Pasaka, na wiki chache za Julai, na siku zilizobaki nyumba inapangishwa kwa wengine au imefungwa.

Wakati wa baridi, ukitembea kwenye njia ile, unapita mapazia yaliyofungwa mwanzo hadi mwisho. Mwaka juzi, siku ya ukungu mwezi Januari, tulikuwa tunarudi wawili kutoka gatini. Bi Tomma alisimama katikati ya njia, akatazama kulia, akatazama kushoto. Akasema, bila uchungu wowote, kwa sauti ileile anayotumia kuwaeleza watu habari za bata bukini:

"Enno, nilikisifia kisiwa mpaka nikakimaliza."

Nilimwambia si kweli, kwamba bei zilipanda kila mahali, kwamba hata visiwa visivyo na Tomma vimenunuliwa vyote. Hayo nayaamini mpaka leo. Yeye aliitikia kwa kichwa kama mtu anayemshukuru mwenzake kwa kumshikia mlango, tukaendelea na njia.

Wenye nyumba walimwachia funguo, maana nani mwingine? Kila Ijumaa ya miezi ya baridi alizunguka na fungu zima, akifungua madirisha ili kuta zisiote ukungu, akitazama mabomba, akiokota barua. Siku moja nilikwenda naye. Tulipofika namba thelathini na moja alipanda chumba cha juu, chumba alichozaliwa, akafungua dirisha linalotazama bara, akasimama mikono kiunoni. Mimi nilikuwa nimechoka, nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango. Hakugeuka hata kuniangalia.

"Inuka," alisema. "Tumekuja kufungua madirisha."

Hapo nikaelewa kwamba miaka yote ile, kila wiki ndani ya nyumba ya mama yake, hajawahi kukaa. Yeye aliyekalisha watu kila mahali.

Tarehe ya kustaafu ilipokaribia, mimi na mke wangu Wiebke hatukulala vizuri. Sisi watatu, pamoja na mtoto wetu Jelka, tunaishi katika chumba kimoja nyuma ya bwawa la kuogelea, na harufu ya klorini imeingia hadi kwenye mkate. Fleti ile tuliihitaji. Sikutaka kuipata hivyo. Nikapiga simu Münster bila kumwambia Bi Tomma. Nilizungumza na Bibi Wessling, nikamweleza yote, na huyu mama alilia kwenye simu. Siku ya pili akanipigia mwenyewe. Walikuwa wamekubaliana na mumewe: Tomma akae namba thelathini na moja, bila kodi, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Machi, kila mwaka. Kiangazi tu ndicho hawawezi, kwa sababu wageni wameshalipia.

Nilipanda ngazi za ofisi mbilimbili. Bi Tomma alikuwa anafunga vyombo kwenye magazeti. Nilimwambia kwa haraka, nikicheka, nikidhani naleta zawadi. Alimaliza kufunga kikombe alichokuwa nacho. Akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema:

"Waambie nashukuru sana, na waambie kwa upole, maana ni watu wazuri. Lakini siwezi kupangiwa miezi katika chumba nilichozaliwa. Kule Norden nitakuwa mtu wa Norden. Hapa ningekuwa mtu wa kutolewa kila Pasaka."

Nikamwambia basi nami naikataa fleti. Nitamwambia mkurugenzi sasa hivi, abaki nayo yeye, sisi tumeshazoea klorini. Hapo ndipo alipokasirika. Katika miaka minane sijawahi kumwona amekasirika hivyo, hata siku nilipowasahau wageni kumi na wanne Spiekeroog.

"Ukikataa wewe, mimi sibaki. Ni fleti ya kazi, nami sina kazi. Kufika Pasaka picha zake zitakuwa kwenye mtandao, vitanda vinne na mandhari ya bahari, na maelezo yake utayaandika wewe kwa maneno niliyokufundisha mimi. Ndicho unachotaka? Ingia. Mtundike nguo zenu dirishani. Jelka aanze shule hapa, mwalimu apate sababu ya kubaki. Nimewapa wageni kisiwa kizima, Enno. Niache nimpe mwenyeji vyumba viwili."

Tulikaa chini kati ya maboksi tukanywa chai, vikombe vitatu kila mmoja kama inavyopaswa. Nilitamani awe mama yangu, nikatamani niwe na nyumba ya kumpa, nikatamani mambo mengine ya kitoto ambayo hayafai kuandikwa kwenye jarida la ofisi. Yeye alikuwa anatazama nje, na nikagundua kwamba ameanza kukitamani kisiwa akiwa bado amekaa juu yake.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Ofisi ya Wageni namshukuru Bi Tomma. Namshukuru kwa Mzunguko, kwa wanafunzi aliowafunza ambao leo wanatembeza wageni katika visiwa vyote vya jirani, kwa mikate aliyompa mchungaji, kwa hasira yake na kwa robo saa zake. Watu waliokuja hapa kwa ajili ya jua wameondoka na kitu kingine, na hata waliobaki na funguo mfukoni walikipenda kisiwa kwanza kwa sababu yake. Si haki kumlaumu mtu kwa kupenda mahali kwa sauti.

Limebaki jambo la kazi. Baada ya hafla tutavuta vitu vyake hadi gatini kwa mkokoteni wake, ule wa buluu ulioandikwa jina la mama Gesche ubavuni. Wiebke atasukuma, mimi nitavuta, Jelka amedai kushika taa ya meza. Bi Tomma ameniagiza kwamba vitu vikishapakiwa niurudishe mkokoteni kijijini na kuupasua kuni, kwani mbao zake ni nzuri na yeye huko Norden hana pa kuuweka.

Bi Tomma, umenifundisha kazi yote ninayoijua na sijawahi kukukaidi. Hili nitalikaidi. Kila mwenyeji wa hapa anajua mkokoteni ukisimama gatini, mpini wake umeelekea baharini, maana yake ni moja tu: mwenyewe amekwenda bara, na feri yoyote inaweza kumrudisha. Hakuna anayeugusa. Tukishakupungia mkono nitaupanga pale kwenye mstari pamoja na mikokoteni ya wenye nyumba, mpini ukielekea baharini, na kila mwaka baridi ikiisha nitaupaka rangi.

Tunakutakia afya, usingizi mzuri na maisha mema huko uendako. Sisi huku, mtu akituuliza uko wapi, tutasema umekwenda bara mara moja.